Mbuzi, Mlima na Gunia la Makala

Katika darasa moja la shule ya msingi hapa Goma mwalimu aliwagawa wanafunzi wake kwa vikundi, akaagiza kila kikundi kitunge hadithi juu ya nchi inayotuzunguka. Kisha wazazi wakaalikwa kusikiliza. Nasi tulikuwako, tumekaa kwenye madawati madogo, magoti karibu yatuguse kidevu. Twaona yafaa kuzipima hadithi hizo kama kazi za watunzi, maana kumsifu mtoto kwa kila neno ni namna moja ya kutomsikiliza.

Kikundi cha kwanza kilileta hadithi ya mwitu. Mtu mbaya anakata miti ya Virunga, wanyama wanalia, mtu anatubu, wote wanaimba. Ilisemwa vizuri sana. Lakini ndani yake tulisikia sauti ya mwalimu kuliko ya watoto. Mbuga ile iliwekwa chini ya ulinzi mwaka 1925, na ni kweli ya kuwa miti yake inaangamia. Walakini makala yatokayo humo yanaivisha maharagwe katika nyumba nyingi za mji huu, labda hata za watunzi wenyewe. Gunia la makala halikutajwa hata mara moja! Yule mtu mbaya hana jina, hana watoto, hana njaa. Kama mtoto mmoja angesimulia jinsi mama yake anavyouza makala kwa mafungu sokoni apate pesa ya madaftari, hadithi ingekuwa ngumu kumaliza, nasi tungerudi nyumbani tukiwaza. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha ya kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja.

Kikundi cha pili kilisimulia Nyiragongo: mlima unakasirikia dhambi za watu wa mjini, unatapika moto. Ngurumo zilipigwa kwa viatu sakafuni, zikatufurahisha. Lakini maana yake hatuwezi kuikubali. Tarehe 17 Januari 2002 moto ule ulipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, ukaliharibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Altare nayo ilikuwa imekosa nini? Bwana wetu alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kupita wenzao. Na tarehe 22 Mei 2021 moto ulipotoka tena, uliteketeza nyumba za watu upande wa kaskazini, ukasimama karibu na mji. Waliolala nje usiku ule wasitwishwe na hatia. Watoto hawakubuni jambo hilo. Wamelisikia kwetu wakubwa.

Hadithi ya tatu ndiyo iliyotunyamazisha. Kila mtu wa hapa ajua mazuku: hewa nzito itokayo ardhini, isiyo na rangi, ilalayo mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mbuzi anashuka shimoni kula majani, anajilaza, haamki. Mtoto ataka kumfuata, kwa sababu jana kaka yake alipita palepale, asipatwe na neno. Mbuzi wa pili amwuliza: "Kaka yako ni mrefu, pua yake ilikuwa juu ya hewa ile. Wewe pua yako iko wapi?" Mtoto ajipima kwa fimbo ya kuchungia, aona, akaketi ukingoni. Mbuzi haokolewi. Mtoto arudi nyumbani na kamba tupu.

Hakuna adui hapa, wala toba, wala wimbo. Kuna mtoto anayepima kimo chake, na nchi isiyomchukia wala kumpenda. Tena ni elimu ya kweli, ingawa twaongeza neno moja: hata mtu mzima akiinama humo kumwokota mbuzi aweza kufa. Kosa tuliloliona ni moja. Mwishoni msichana mmoja alitoka mbele, akasoma katika karatasi ya kuwa tupende mazingira. Tumemwomba mwalimu aiondoe karatasi ile.

Walipokwisha, mama mmoja aliuliza shimo lenyewe liko wapi. Watoto hawakushauriana, wote walinyosha mkono upande mmoja.