Kamba Aliyekatwa Sharubu

Katika sebule moja ya Kololo, Kampala, nilikuta watu wamelizunguka tangi la maji chumvi, wanalipiga picha na kulisifia. Ndani mlikuwa na gona wawili, bunju, chewa mchanga, na kamba msafishaji mmoja. Mwenye nyumba akatuhakikishia kwamba wanaelewana. Hawaelewani. Gona na bunju wameumbwa na meno ya kuvunja kaa, na chewa humeza chochote kinachoenea kinywani mwake. Niliudhika, kwa sababu jibu lilikuwa wazi pale kiooni na hakuna aliyelisoma: kamba yule alikuwa na sharubu fupi.

Sharubu za kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, ni nyeupe, nyembamba, na ndefu kuliko mwili wake. Tangi likipangwa vizuri, utaziona zimechomoza mwambani, zima mpaka ncha, zikipungwa samaki anapopita, maana ndivyo kamba anavyomwita aje asafishwe. Samaki mkorofi huanza kudonoa hapo kabla hajagusa mwili. Sharubu moja ikiwa ndefu na nyingine fupi, mchokozi yumo. Zikiwa fupi zote, na kamba kajibana nyuma ya mwamba, basi usiku atakaojivua gamba hataupita, kwa kuwa saa zile mwili wake ni laini na hana cha kujikinga.

Matapeli wanalijua hili. Sharubu huota tena kamba akijivua gamba, kwa hiyo wapo wauzaji wanaongoja wakati huo ndipo wakuite uje kuona. Wengine hutia kamba mpya asubuhi wageni wanapotarajiwa. Usitoe hukumu kwa kuona mara moja; rudi wiki inayofuata. Tena uliza dukani kama maji yametiwa dawa ya shaba. Samaki huivumilia, lakini huua kamba.

Mzee aliyenifundisha alikuwa mvuvi wa samaki wa mapambo pwani ya Kenya. Yeye aliingiza kamba kwanza, akangoja wajivue gamba mara mbili, ndipo samaki wa kwanza aingie, na mpole ndiye aliyetangulia. Enzi hizo maboksi yalitufikia kwa basi kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100, nasi tulikesha tukiwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone. Siku hizi mifuko hupasuliwa na wote humwagwa humo mchana mmoja.

Tangi la lita 200 lisizidi samaki watano. Mimi huchagua jozi ya samaki-klauni Amphiprion allardi, wa pwani ya Afrika Mashariki, na gobi anayekaa shimo moja na kamba wa jamii ya Alpheus. Kamba huyo haoni vizuri. Huchimba huku sharubu yake ikimgusa gobi, na gobi akitikisa mkia wote hurudi ndani. Hapo ndipo penye ufundi. Kamba aina ya Stenopus hispidus awe mmoja, au jozi iliyokwisha kuzoeana. Anayekuuzia wawili wowote anakuuzia vita.

Kampala iko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa hushika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa. Pampu yenye betri ni lazima, kwani umeme ukikatika usiku, tangi lililosheheni samaki ndilo hufa kwanza. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji baridi yaliyotolewa klorini, si maji chumvi. Chumvi haiondoki na mvuke, na kamba huumizwa na mabadiliko yake mapema kuliko samaki.