Pindo, Mji, Jina: Jinsi Kanga Ilivyoundwa Ikawa Vazi Letu

Nimetandaza mezani kisutu alichoniachia bibi. Ni kipande kimoja tu. Cha pili alikichukua mdogo wake siku doti ilipokatwa. Rangi ni tatu: nyekundu iliyofifia ikaanza kuelekea kahawia, nyeusi, na weupe wa pamba. Hakina jina. Kisutu cha asili hakiandikwi neno lolote, na bado mwanamke wa Tanga, Lamu au Unguja akikiona anajua kwamba hapa pana harusi.

Nimekitoa sandukuni kwa sababu ya swali lisilotuacha: vazi la taifa ni lipi? Kenya ililifanyia shindano mwaka 2004, kwa udhamini wa watengenezaji wa sabuni. Wabunifu wakakaa, vazi likapatikana, likazinduliwa kwa shamrashamra. Tembea Nairobi leo umtafute aliyelivaa. Tanzania nayo mwaka 2012 ilikuwa na kamati ya kukusanya maoni na michoro. Wakati wote huo, kina mama waliokuwa wakipita nje ya kumbi za mikutano hiyo walikuwa wamejifunga kanga.

Nataka kulieleza jambo hili kwa jicho la fundi kabla ya jicho la mzalendo. Kanga ilishinda kwa sababu ya namna ilivyoundwa. Umbo lake limefungwa mahali pachache na kuachwa wazi mahali pengi, na mahali pale palipofungwa palichaguliwa vizuri ajabu.

Tuanze na kipimo. Kanga ni mstatili wa takriban mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Hiyo mita moja na kidogo ni upana wa jora: ukingo wa juu na wa chini wa kanga ni kingo za jora lenyewe, zimefumwa tangu kiwandani na hazifumuki. Palipo wazi ni ncha mbili za ubavuni, pale mkasi unapopita. Ndiyo maana fundi wa barazani ana mishono minne tu ya kupinda kwa doti nzima, na mteja anasubiri palepale. Urefu nao unamtosha mnene na mwembamba, kwa kuwa kinachobadilika ni jinsi ncha zinavyopishana mbele. Hakuna saizi. Binti wa miaka kumi na tano anaweza kujifunga kanga ya nyanya yake, na akijifungua mtoto ataigeuza mbeleko bila kutoa hata uzi mmoja.

Kisha pindo. Linazunguka pande zote nne, na hapo ndipo kanga inapoachana na kitenge. Kitenge ni jora lenye nakshi inayojirudia. Unakikata popote, nacho kinamngojea fundi akupe gauni. Kanga imekwisha kukamilika. Ukiikata katikati umeivunja, kama mtu aliyekata picha pamoja na fremu yake. Ndani ya pindo kuna mji, na hapo mchoraji yuko huru kabisa: korosho, nanasi, jogoo, maua, ramani, sura ya rais. Juu kidogo ya pindo la chini, ndani ya kisanduku chembamba, ndipo lilipo jina.

Mpangilio huo haukubuniwa na mtu mmoja ofisini. Katika karne ya 19 nguo ya kawaida ya watu wa chini pwani yetu ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani, na kaniki, iliyotiwa rangi ya nili. Zilikuwa nguo za watumwa na za maskini, na aliyezivaa alijulikana kwa mbali. Kulikuwa pia na vitambaa vya mkononi, ambavyo Wareno waliviita lenço, nasi tukavibatiza leso. Wanawake wa Unguja na Mombasa walivinunua vikiwa bado vimeungana kwenye jora, wakachukua sita, wakavipanga vitatu juu na vitatu chini, wakaviunga. Wafanyabiashara walipoona soko limegeuka wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, bila mishono. Mombasa mpaka leo wanasema leso. Kwingine likashika jina la yule ndege mwenye madoa, kwa vile nguo nyingi za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama yake.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, mavazi yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo watu walioachwa huru waliyabadilisha. Mwanahistoria Laura Fair ameliandikia hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za mji wa Unguja: mwanamke aliyekuwa akivaa kaniki alijifunga kanga, na kwa kujifunga hivyo alidai kuhesabiwa miongoni mwa waungwana wa pwani. Nadhani hapa umbo la nguo lilimsaidia sana. Kwa vazi la kushonwa angehitaji fundi, mtindo na pesa ya kuufuata mtindo huo. Kanga ilimtaka awe na bei ya doti moja tu. Siku aliyoinunua, kwa macho ya mtu wa njiani, hakuwa na tofauti na binti wa mwenye nyumba.

Sasa jina, maana hapa ndipo ufundi wenyewe ulipolala.

Maneno yaliingia kwenye kanga mapema karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kilatini. Anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye wateja walimjua kwa jina la Abdulla. Alama ya "Mali ya Abdulla" ingali ikisomeka kwenye leso za Mombasa. Angalia lakini jina lilipowekwa. Liko katikati ya urefu, upande wa chini. Mwanamke akijifunga kiunoni, ncha zinakutana mbele na katikati ya nguo inaangukia nyuma, juu ya makalio. Akijitanda kipande cha pili, maneno yanakaa mgongoni. Anayekujia huwezi kumsoma. Utamsoma akishakupita, na wakati huo hawezi kuulizwa kitu. Amekwenda zake, kanga ndiyo inayosema. Akitaka kukanusha anakanusha: yeye alipenda rangi tu.

Lugha yetu nayo ikaingia humo kama mguu kwenye kiatu chake. Chukua jina moja la siku nyingi: WATASEMA MCHANA USIKU WATALALA. Ni maneno manne, herufi ishirini na saba, na jirani mzima ameshapigwa kijembe. Nani hao "wa-"? Kitenzi cha Kiswahili kinambeba mtenda ndani yake, hivyo sentensi inasimama bila kumtaja mtu, bila kusema ni mwanamume au mwanamke. Kila anayesoma atajaza mwenyewe, na mwenye hatia ndiye wa kwanza kujijaza. Mafumbo yalikuwapo kabla ya kanga, kwenye ushairi na kwenye taarabu. Kanga iliyapa mstari mmoja wa herufi kubwa unaosomeka katika mwendo wa hatua tatu, basi.

Ndiyo maana dukani, iwe Darajani, Biashara Street au mtaa wa Uhuru pale Dar es Salaam, mnunuzi haulizi bei kwanza. Anauliza: inasemaje?

Ukishauona muundo huu utaelewa pia jinsi nguo ya miji ya pwani ilivyopanda bara ikawa ya nchi. Umbo linapokea chochote bila kupoteza sura. Uhuru ulipokuja ulichapwa kwenye mji. Chama kikaingia, kampeni za chanjo zikaingia, Papa akaingia. Barack Obama alipochaguliwa mwaka 2008, kanga ikatoka na sura yake katikati, pongezi juu, na chini yake UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Mpangilio ni uleule wa bibi zetu. Ukivuka bahari hadi Madagaska utaukuta tena kwenye lambahoany, pindo pande zote na methali ya Kimalagasi chini, nao wanaihesabu kuwa nguo yao kabisa, na ni haki yao.

Mwaka 1968 unaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mwaka mwingine wowote ninaoujua. Mwaka huo Tanzania ilifungua kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, na vitambaa vyake vikaenea hadi vijijini. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na mawigi kwa jina la utamaduni wa taifa. Miaka hiyohiyo Wamasai walikuwa wakishurutishwa kuacha shuka na kuvaa suruali, ili waonekane raia wa kisasa. Serikali ileile ilikuwa na njia mbili mkononi, moja ya kukataza na moja ya kuwapa watu kitambaa. Marufuku yamebaki habari ya wanahistoria. Shuka la Mmasai liko pale pale, na kanga iko kila nyumba. Shuka nalo, tusisahau, ni mstatili usioshonwa.

Kamati za vazi la taifa, kwa nia njema kabisa, huanza mahali pagumu: huchora vazi lililokwisha kushonwa. Kola iko hapa, mkono mpana pale, utepe wa rangi za bendera kifuani. Kila mshono katika mchoro huo ni uamuzi uliokwisha kufanywa kwa niaba ya mvaaji. Yeye hana pa kuweka neno lake, hana pa kuonyesha kwamba ni wa Pemba au wa Songea, mjane au bibi harusi, ameudhika au amefurahi. Anaweza tu kulivaa au kuliacha, na wengi wameliacha.

Sisemi kanga isishonwe. Nimeona magauni ya kanga yaliyonitoa machozi kwa uzuri: fundi ameteremsha pindo hadi kwenye ukingo wa chini wa gauni, akalirudisha kwenye ncha za mikono, na jina akaliacha nzima mgongoni, palepale lilipozoea kukaa. Huyo ameisoma nguo kabla ya kuikata. Nimeona pia gauni ambalo jina lake lilikatwa kwapani likabaki HASIDI HANA SA, na mshono ukameza sababu yote. Tofauti ya mafundi hao wawili inanihusu, kwa sababu wa pili ameishika kanga kama kitenge chembamba cha bei nafuu.

Kinachoniumiza zaidi kiko kwenye kitambaa chenyewe. Kanga ya pamba inapotoka dukani ni ngumu kwa wanga. Unailoweka, wengine kwa maji ya chumvi ili rangi ishike, na baada ya kufuliwa mara kadhaa inakuwa laini, inanyonya jasho, inambeba mtoto bila kuteleza. Ile ya polista haifiki huko. Inateleza begani, inateleza kiunoni, na mbeleko inayoteleza si mbeleko. Makosa ya herufi kwenye majina nayo yameongezeka, kwa kuwa anayeandaa skrini za kuchapia, huko mbali, hakijui Kiswahili. Kwamba kanga inachapwa mbali si jambo geni. Zamani ilitoka Uholanzi, Uingereza, Japani na India. Lakini wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa walipeleka michoro na maneno kutoka hapa, baada ya kuwasikiliza wanawake waliokuwa wepesi kuikataa shehena nzima iliyopitwa na wakati. Uamuzi ulikuwa wetu hata pamba ilipokuwa ya wengine. Mwenye duka anayeagiza leo bila kulisoma jina neno kwa neno ameuachia uamuzi huo uende.

Juzi nilikuwa barazani kwa fundi, nikisubiri kanga ya msiba ipindwe. Walikuja dada wawili na doti moja. Wote walikuwa wamechanga. Mkubwa alilisoma jina kwa sauti, mdogo akalirudia taratibu, kisha wakamkabidhi fundi. Akaikunja doti ili pindo zikutane, akapapasa kwa kidole gumba ule mstari mwembamba mweupe unaoachwa kati ya kipande na kipande, akapitisha mkasi. Kila mmoja akashika chake, wakaketi mkekani kusubiri cherehani.