Pongezi kwa Wauguzi wa Wodi ya Watoto Njiti

Wauguzi wa watoto njiti wanastahili pongezi kwa kuutambua mwili wa mama kuwa ni tiba. Njia hiyo ya kumbeba mtoto kifuani, iitwayo njia ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokabiliwa na uhaba wa mashine za joto. Mtoto huvikwa nepi na kofia tu, akawekwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha khanga ikafungwa imara. Hapo mama humzoea mwanawe, na maziwa hutoka.

Wapo wanaoiita tiba ya maskini, eti mtoto kwanza apate nafuu kwenye mashine. Utafiti uliochapishwa 2021, kutoka Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, umewajibu: kati ya waliokumbatiwa mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28, kati ya waliosubiri, asilimia 15.7. Wengine husema mama atachoka. Kweli, ndiyo maana baba na bibi nao hufundishwa kubeba. Tuwape wauguzi hawa vitanda vya kutosha vya akina mama, kazi wanaijua.