Asiyekubali Kushindwa

Katika maisha yangu ya ualimu nimesahihisha insha nyingi mno, na mpaka leo kalamu nyekundu haijanitoka mkononi. Leo nataka kusahihisha hadithi moja ambayo wengi wetu wa rika langu tumeisimulia. Ni hadithi ya bondia Robert Wangila Napunyi wa Kenya. Mmoja wa walioisimulia vibaya ni mimi mwenyewe, kwa hiyo msomaji asidhani namnyoshea mtu mwingine kidole.

Kwanza nieleze mambo yalivyokuwa. Mwanzoni mwa Oktoba 1988, katika michezo ya Olimpiki ya Seoul, Wangila aliingia ulingoni kugombea dhahabu ya uzito wa welta. Alikuwa kijana wa miaka 21. Mpinzani wake alikuwa Laurent Boudouani wa Ufaransa, mtu ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia katika ngumi za kulipwa. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha, na mchezo ukaishia hapo. Akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka barani Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Kenya imepata dhahabu nyingi tangu zamani, lakini mpaka leo ninapoandika, hiyo ndiyo ya pekee isiyotoka katika riadha.

Sisi huku Usambara tulizipokea habari hizo kwa redio. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilikuja mwaka 1994. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji cha milimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Redio yangu ilikuwa ya betri, na ukungu ukishuka tulipenda kusema kwamba ndio unaoleta mikwaruzo. Jioni walimu wenzangu na wazee wawili watatu wa kijiji walikaa barazani kwangu kusikiliza. Jina la Wangila lilipotajwa tulishangilia kana kwamba amezaliwa Mlalo. Afrika Mashariki ilikuwa imekaribia mara nyingi. Philip Waruinge wa Kenya na Leo Rwabwogo wa Uganda walirudi na fedha mwaka 1972, na John Mugabi wa Uganda naye akarudi na fedha kutoka Moscow mwaka 1980. Hata sisi Watanzania tulikuwa na Titus Simba wetu, aliyepata fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970. Dhahabu ilikuwa bado. Kwa hiyo tulipompenda Wangila hatukuuliza mpaka wa Kenya unapita wapi.

Sehemu ya pili ni fupi. Wangila aliingia katika ngumi za kulipwa na kwenda kupigana Marekani. Tarehe 22 Julai 1994, katika mji wa Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa mwamuzi, Joe Cortez, aliusimamisha mchezo. Wangila alilalamika, aliona bado anaweza kuendelea. Alipofika katika chumba cha kubadilishia nguo alipoteza fahamu, na tarehe 24 Julai akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Sasa nianze kusahihisha.

Kosa la kwanza ni la sifa. Tuliposimulia habari za Wangila tulimsifu kwa uvumilivu. Tulisema alikuwa mtu wa kupigwa asianguke, mtu asiyejua kurudi nyuma. Lakini hebu tuurudie mchezo wenyewe. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani alikuja kunisalimu akanionyesha kwenye simu yake lile pambano la Seoul. Nililitazama mara nne, chai ikapoa. Nilichokiona si uvumilivu. Nilimwona kijana anayejua anachokifanya, akakifanya mapema, kisha akatoka. Ngumi za ridhaa za wakati ule zilikuwa raundi tatu za dakika tatu tatu, na mabondia walivaa kofia ya kujikinga. Wangila hakuhitaji hata hizo tatu. Na tukumbuke kwamba Seoul ndiko Roy Jones wa Marekani alikonyimwa ushindi na waamuzi mbele ya macho ya dunia nzima. Katika ulingo huo huo Wangila hakumwachia mwamuzi kazi ya kuhesabu pointi. Ubora wake ulikuwa kumaliza kazi mapema, na sisi tukamsifu kwa kuchelewa kuanguka. Huko ni sawa na kumsifu mshairi kwa wingi wa beti zake.

Kosa la pili ni la mwisho wa hadithi. Tulipofika Las Vegas tulifanya haraka kupita. Tulitaja kwamba alilalamika aliposimamishwa, tukaona ndilo neno zuri la kufungia: shujaa aliyekataa kushindwa hadi pumzi ya mwisho. Tukamfanya mwamuzi awe mtu aliyemnyima haki. Lakini soma tena mfuatano wa matukio. Aliyeona hatari alikuwa mwamuzi. Asiyeiona alikuwa Wangila, kwa sababu kichwa kilichoumia ndicho hicho hicho kilichotakiwa kuamua kama kimeumia. Hilo si jambo la ushujaa wala la woga, ni jambo la mwili. Kama tungetaka kuwalaumu watu, tungeuliza kwa nini mchezo ulifika raundi ya tisa, wala tusingeuliza kwa nini haukufika ya kumi.

Wasomaji wa Usambara watakumbuka kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi. Mle tunasoma jinsi kifo cha Mbegha, mfalme wa kwanza, kilivyofichwa na wazee wachache, na mwanawe Buge akaletwa Vugha kabla watu hawajajua kwamba mfalme hayupo. Wazee wale walikuwa na sababu yao: nchi isivurugike. Sisi pia tumeficha kifo cha Wangila, ila tumekificha ndani ya sifa. Tunamtaja kila siku kama aliyeshinda, na mauti yake tunayageuza kuwa ushindi mwingine. Wale wazee walikuwa wakilinda nchi. Sisi tunalinda nini?

Nadhani mazoea ya kutazama nayo yamechangia. Miaka ile ya tisini vibanda vya video vilifika Lushoto, na vijana walilipa kuona mieleka ya Wamarekani. Katika mieleka ile mtu hupigwa kwa kiti, hulala kama maiti, kisha huinuka. Tulizoea kutoamini anguko la mtu. Tarehe 23 Mei 1999, katika mji wa Kansas City, mwanamieleka Owen Hart alianguka kutoka juu alipokuwa akiteremshwa ulingoni kwa kamba, akafa. Mtangazaji alilazimika kuwaeleza watazamaji wa televisheni kwamba hilo halikuwa sehemu ya mchezo. Na onyesho likaendelea. Nilipozisikia habari hizo nilitikisa kichwa kuwalaumu Wamarekani, kisha nikakumbuka jambo langu mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Habari za kifo cha Wangila ziliponifikia mwaka 1994, niliwasimamisha wanafunzi mstarini nikawahutubia. Nilisema kwa sauti kubwa, maana nilikuwa na huzuni ya kweli, kwamba huyu ndiye mwanaume: hata mwamuzi alipomtoa, yeye alikataa. Nikawaambia darasa la saba waukabili mtihani wao hivyo hivyo. Walimu walipiga makofi. Nami nilirudi ofisini nikiwa nimeridhika na hotuba yangu.

Haikupita hata mwezi. Katika mechi ya mpira kati yetu na shule jirani, kijana mmoja wa darasa la saba aligongana vichwa na mwenzake. Alikaa chini, akashika sikio. Mwalimu wa michezo alitaka kumtoa. Mimi nilikuwa pembeni ya uwanja, tukiwa nyuma kwa bao moja, na nikapaza sauti: "Kumbuka Wangila!" Kijana akanitazama, akainuka, akacheza mpaka mwisho. Watu walimshangilia. Usiku ule alitapika mfululizo na hakuweza kulitaja jina la mama yake. Tulimteremsha hospitalini kwa lori lililopakia kabichi za sokoni, mama yake amempakata njia nzima, mimi nimekaa karibu nao nisiwe na la kusema.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini hakufanya mtihani pamoja na wenzake mwaka ule, na sikio lake la kulia halikurudi. Sasa ni mtu mzima, ana shamba la mboga na watoto wanne. Tukikutana sokoni huniamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha hugeuza kichwa kidogo anipe sikio la kushoto ili asikie marahaba yangu. Hajapata kunilaumu. Niliwahi kumwomba radhi, akacheka akasema, "Mwalimu, mbona ile mechi tulisawazisha?" Hapo nilijua kwamba somo langu la mstarini alilielewa kuliko nilivyotaka.

Chuoni tulifundishwa kwamba kila somo liwe na madhumuni, hatua na hitimisho, na kwamba mwalimu ajipime kwa kile mwanafunzi anachoondoka nacho. Nikijipima kwa kipimo hicho, hotuba ile ilifaulu vizuri sana, na ndiyo sababu ilikuwa mbaya.

Wahenga walikwisha kutuachia neno, nasi tulilikariri bila kulitumia: asiyekubali kushindwa si mshindani. Sikuwahi kulitaja siku ile mstarini, kwa sababu lingeivunja hotuba yangu vipande viwili. Kukubali kushindwa ni sehemu ya mchezo, na anayekuzuia usiendelee wakati mwingine ndiye rafiki yako wa mwisho aliyebaki ulingoni.

Je, tumwondolee Wangila sifa zake? La hasha. Nampenda leo kuliko mwaka 1988. Ila nampenda kwa zile dakika chache za Seoul, ambazo sasa nimeziona kwa macho yangu. Pambano la Las Vegas sijaliona na sitaki kuliona. Atakayewasimulia watoto habari zake, na awaambie yote mawili: kwamba kijana wa miaka 21 alifanya jambo ambalo hakuna wa kwetu aliyekuwa amelifanya, na kwamba akiwa na miaka 26 alikufa kwa kupigwa kichwani. Kisha anyamaze kidogo kabla ya kutafuta funzo.