Alexandria: Mji wa Nani?

Katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu ukosmopolitani wa Alexandria, Hala Halim, msomi wa fasihi linganishi katika Chuo Kikuu cha New York, anapiga vita kasumba ya siku nyingi. Kasumba hiyo hudai kwamba Alexandria ilikuwa mji wa dunia nzima pale Wagiriki, Waitalia na Waingereza walipostarehe humo pamoja, na kwamba ulikufa Wamisri walipoushika.

Lakini udugu huo ulisimama juu ya nini? Mwaka 1882 manowari za Uingereza ziliupiga mji kwa mizinga. Wageni walilindwa na mikataba iliyofutwa mwaka 1937 tu, na mahakama zao maalumu zilidumu hadi 1949. Mpagazi wa bandarini hakuwa na kinga hiyo. Huo ulikuwa upendeleo wa kitabaka, siyo uraia wa dunia.

Halim anaonyesha jinsi fasihi ilivyoupamba upendeleo huo. Forster, katika kitabu chake cha mwaka 1922, anazipita haraka karne za Waarabu. Durrell naye alianza kutoa riwaya zake nne mwaka 1957, mwaka mmoja tu baada ya Nasser kutangaza, papo hapo Alexandria, kutaifishwa kwa Mfereji wa Suez! Kwa Cavafy, Mgiriki mzaliwa wa mji huo, yatupasa kuwa waangalifu zaidi. Yeye aliandika shairi juu ya kijana Mmisri aliyenyongwa na Waingereza katika mkasa wa Denshawai wa mwaka 1906, ingawa hakulichapisha maishani mwake. Ukimya huo nao una siasa yake.

Hata hivyo tuna lawama. Waandishi wanne wakuu wa kitabu, wa nne akiwa Bernard de Zogheb, hakuna aliyeandika kwa Kiarabu. Mwenye mji anatetewa, lakini hapewi nafasi ya kutosha kusema. Kada asomaye Halim amsome pia Ibrahim Abdel Meguid, ambaye riwaya yake ya mwaka 1996 inamweka Mwislamu kutoka kijijini na rafiki yake Mkristo katika kazi ya reli wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Halim mwenyewe ameifungua njia nyingine. Katika makala yake ya mwaka 2012 anachunguza Lotus, jarida la waandishi wa Afrika na Asia lililoanzishwa Cairo mwaka 1968. Humo mataifa yalikutana bila kumwomba Mzungu ruhusa, japokuwa kati ya lugha zake tatu, mbili zilikuwa Kiingereza na Kifaransa.