Rangi Zilizoamuliwa Kabla ya Mchoro

Anayetaka kunakili mchoro mashuhuri kwa matofali ya kuchezea hukumbana na tatizo moja lililo zito kuliko mengine yote: hawezi kuchanganya rangi. Claude Monet, akichora mayungiyungi ya bwawa lake la Giverny, alikuwa na vivuli visivyohesabika kati ya buluu na zambarau. Msanii wa China, Ai Weiwei, alipoiunda upya kazi hiyo kwa Lego mwaka 2022, alitumia rangi 22 tu, zilizokwisha kuamuliwa kiwandani. Vifundo, yaani vile vinundu vilivyo juu ya matofali, vilikuwa takriban 650,000, na kazi ikafikia upana wa mita 15. Wingi huo ndio unaosifiwa zaidi. Kwangu mimi, cha kupima kwanza ni umbali wa mtazamaji, na ushahidi wake ulielea Kisumu mwezi Machi 2021.

Jicho zima huweza kutenganisha alama mbili zilizoachana kwa milimita moja kutoka umbali wa mita tatu na nusu hivi. Vifundo vya Lego vimeachana kwa milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu, kwa hiyo mtazamaji angehitaji kurudi nyuma mita 27 hivi ndipo viyeyuke na kuwa rangi moja. Vifundo jirani vikiwa na rangi zinazokaribiana, huyeyuka mapema zaidi. Zikipingana vikali, chengachenga hubaki. Wakazi wa Dunga, ufukwe wa Kisumu, wanalijua jambo hili kwa macho: gugumaji likitanda Ghuba ya Winam, kwa mbali huonekana zulia la kijani lililotiwa zambarau, na mtumbwi ukikaribia, kila jani na kila ua hujitenga. Programu za kompyuta zinazogeuza picha kuwa vipande hutumia kanuni hiyohiyo. Pale ambapo kivuli kinachotakiwa hakimo katika rangi zilizopo, hutawanya vipande vya rangi mbili zinazokizunguka, na jicho ndilo linalomalizia kazi. Lakini humalizia tu likiwa mbali vya kutosha, na kumbi nyingi za maonyesho hazina nafasi hiyo.

Sasa tazama Flipflopi. Jahazi hili la mita 9 liliundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyorejelezwa, likashushwa majini mwaka 2018, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, kisha likaletwa Kisumu kuanza safari ya kuzunguka Ziwa Victoria. Ubavu wake ulivikwa ndala zilizookotwa, 30,000 hivi, zilizokatwa vipande. Hapa pia mafundi walipewa rangi zilizoamuliwa na wengine: viwanda vilivyozitengeneza, watu waliozivaa na kuzitupa, bahari iliyozirudisha. Tofauti ni kwamba jahazi hutazamwa kutoka ufukweni. Kipande cha sentimita 5 huhitaji mita 170 hivi kabla ya kupotea machoni, na umbali huo ziwani ni jambo la kawaida. Rangi kali zilizopangwa bega kwa bega zilimfaa mtazamaji wa mbali, na aliyesogea gatini aliziona ndala kama ndala. Ujumbe kuhusu takataka ulihitaji yote mawili.

Kuna atakayesema kwamba Flipflopi haikunakili mchoro wowote. Ni kweli, na sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba ilitatua swali lilelile la ufundi, na ikalitatua vizuri. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kunakili kwa vipande ni kazi ya kompyuta, mtu hubandika tu. Lakini upande wa kulia wa mayungiyungi yake Ai Weiwei aliweka doa jeusi ambalo Monet hakulichora: mlango wa handaki alimoishi utotoni na baba yake, mshairi Ai Qing, huko Xinjiang. Hakuna programu ya kulinganisha rangi ambayo ingeuweka mlango huo. Tena doa hilo kubwa la giza husomeka kwa mtu aliye karibu na aliye mbali, bila kungoja vipande viyeyuke.

Kwa hiyo msanii wa Kisumu anayetamani kuunda mchoro wa ziwa kwa matofali haya aanze kwa kupima nafasi iliyo mbele ya ukuta. Chumba cha mita 6 kingedai vipande visivyofika milimita 2, navyo Lego haitengenezi. Ama atafute ukuta unaotazama uwanja wa wazi, ama achague mchoro unaobebwa na maumbo makubwa: tanga, mlima, mstari wa upeo wa maji.