Anza Kivinje, umalizie Kisiwani

Ziara nyingi za siku moja Kilwa hupangwa kwa kufuata tarehe. Asubuhi wageni huvushwa kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani, huelezwa habari za Ali bin Hassan na Washirazi walionunua kisiwa kwa nguo, huonyeshwa Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza. Mchana, jua likiwa limeshawachosha, hupandishwa garini kwenda Kilwa Kivinje, na huko hutazama boma la Wajerumani kwa nusu saa na safari ikaishia hapo. Karne ya 11 hutangulia, ya 19 hufuata. Kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani mpangilio huo unafaa. Kwa anayetaka kujua miji hii ilijengwaje, unamficha jambo kubwa kuliko yote, nalo ni paa.

Kisiwani karibu kila kitu kimebaki kuta. Mgeni anaona mawe, milango isiyo na mbao, vyumba virefu vyembamba vilivyo wazi juu, na katika kuta hizo matundu yamejipanga mstari mmoja. Mwongozaji humwambia kwamba hayo ni matundu ya boriti. Mgeni huitikia, hupiga picha, husonga mbele. Amesikia, ila hajaona, kwa sababu hana picha kichwani ya dari iliyokaa juu ya matundu hayo.

Picha hiyo iko Kivinje, kama kilomita 30 kaskazini mwa Masoko. Mji ule ulistawi katika karne ya 19, ukiwa mwisho wa njia za misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Nyumba zake za mawe zimesimama mitaani hadi leo, nyingine zinakaliwa, nyingine zimeachwa, nyingine zimeanguka nusu. Hizi zilizoanguka nusu ndizo darasa lenyewe. Ukisimama barabarani unaona tumbo la nyumba lote: chini ukuta mnene wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, juu yake boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu, juu ya boriti vipande vya mawe bapa, na juu kabisa tabaka nene la chokaa na kokoto lililotwangwa kwa miti mpaka likakaza. Boriti nyingine zinaning'inia upande mmoja, mwisho wake mwingine ukiwa bado umeshikwa na ukuta.

Hapo mwongozaji makini huwaambia wageni wapime upana wa chumba kwa hatua. Watapata mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Waende nyumba nyingine, watapata hivyo hivyo. Urefu wa chumba hubadilika kadiri mwenye nyumba alivyojaliwa, upana haubadiliki, kwa kuwa boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari zito kiasi kile haizidi urefu huo. Mti ndio uliomwamulia fundi. Delta ya Rufiji iko kaskazini kidogo tu ya Kilwa, na boriti zake zilipakiwa majahazini kwa mamia ya miaka zikapelekwa Oman na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za huko navyo ni vyembamba. Mtu akishalielewa hili moja, atakapofika Kisiwani hatahitaji kuambiwa mengi.

Kivinje ina mengine ya kusimuliwa, na hayastahili kuharakishwa. Upo Mwembe Kinyonga, mahali panapokumbukwa kwa kunyongwa kwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, baada ya kupigana na Wajerumani. Lipo boma lenyewe upande wa ufuoni. Vita vya Maji Maji vya 1905 vilianzia milimani Matumbi, bara ya hapa hapa, na mji huu ulikuwa mlango ambao serikali ya Kijerumani iliutumia kuitawala nchi ya nyuma yake. Mwongozaji anayefika hapa saa mbili asubuhi anapata saa mbili nzima za kuyasema hayo kwa utulivu. Anayefika saa tisa alasiri na watu waliochoka hapati hata robo yake.

Sababu ya pili ya kuanza Kivinje ni bahari. Katika pwani yetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wakati wa bamvua, maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu na saa kumi au kumi na moja jioni. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Anayevuka asubuhi siku hizo hushukia mbali na ufuo, hutembea kwenye tope na mawe makali, na akitaka kwenda Husuni Kubwa kwa mashua hawezi, maana mikoko ya upande ule inakuwa juu ya matope matupu. Hulazimika kwenda kwa miguu, zaidi ya kilomita moja, jua likiwa la utosi. Mwenye kuanza Kivinje anarudi Masoko kula, anavuka saa nane maji yakiwa yanapanda, anatembea mjini Kisiwani saa mbili, na maji yanapojaa nahodha anampeleka hadi chini ya Husuni, apande jabali kama walivyopanda wageni wa sultani. Kibali cha kuingia kisiwani hukatwa Masoko, kwa hiyo kikatwe mapema, kabla ya kwenda Kivinje.

Tuseme sasa wameshavuka. Mahali pa kwanza pa kuwapeleka ni Makutani, jumba la karne ya 18, ingawa kwa umri ni changa kuliko mengine. Kuta zake ni ndefu na matundu ya boriti yanaonekana vizuri. Katika kundi nililofuatana nalo alikuwamo mzee wa Tanga aliyewahi kufanya kazi ya uashi. Alikaa kimya Kivinje yote. Hapa aliinua fimbo akahesabu matundu moja moja, kisha akamwambia mwongozaji, "Mwanangu, hapa palikuwa na dari, na juu ya dari watu walikaa." Yule kijana akamjibu, "Naam, mzee, ghorofa ilikuwapo." Hakuna aliyemfundisha mzee yule. Alikuwa ameiona dari yenyewe asubuhi ileile.

Baada ya Makutani ndipo Msikiti Mkuu unapofunguka. Watu huingia kutoka kusini, kwenye kuba na matao, wakavutiwa, wakamalizia na ile sehemu ndogo ya kaskazini kana kwamba ni ghala. Waingizwe kaskazini kwanza. Sehemu hiyo ni ya karne ya 11 au ya 12, na paa lake lilikuwa bapa, likishikiliwa na nguzo za mbao. Ni teknolojia ya Kivinje ileile, yenye mipaka ileile: ukitaka ukumbi mpana, ongeza nguzo. Ukitoka hapo ukaingia upande wa kusini, ulioanzishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, unaona jinsi fundi alivyojikomboa kutoka kwa mti. Paa limekuwa kuba na matao ya mawe na chokaa. Boriti haihitajiki tena isipokuwa kwenye kiunzi cha muda, kinachotolewa chokaa ikishakauka. Pembeni sultani alijengewa chumba chake chenye kuba kubwa kuliko zote Afrika Mashariki hadi karne ya 19.

Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama yake, na hapa ndipo ninapoona waongozaji wengi wakipita haraka mno. Kuba haikandamizi chini tu, huzisukuma pia kuta na nguzo kwa nje. Nguzo za kwanza za ukumbi huu zilikuwa za tumbawe zima, kila moja imechongwa kwa kipande kimoja. Zilipendeza, hazikudumu. Paa lilianguka, na katika karne ya 15 ukumbi ukajengwa upya kwa nguzo nene zaidi za pembe nane, za mawe na chokaa, ndizo tunazoziona leo. Ninapenda sana historia hii ya mafundi waliojaribu, wakashindwa, wakarekebisha hesabu yao na kujenga tena palepale. Inatuambia mengi juu ya watu wa Kilwa kuliko orodha yoyote ya masultani.

Mawe yenyewe yanafaa kushikwa, si kutazamwa tu. Jiwe la ukuta ni gumu na lina ncha, huchimbwa nchi kavu. Jiwe la mihrabu na fremu za milango ni jingine, ni tumbawe hai lililokatwa baharini, laini likiwa na maji kiasi cha kuchongeka kwa patasi, nalo hukazana likikauka. Fundi alikuwa akishindana na muda. Chokaa nayo ilitokana na tumbawe hilohilo, likipangwa juu ya magogo na kuchomwa, kisha unga wake ukilowekwa na kuachwa mpaka upoe kabisa. Katika Msikiti Mdogo wa Kuba, wenye paa la sehemu tisa na hali nzuri kuliko majengo mengine yote kisiwani, mtu akitazama juu ataona mahali mabakuli ya ng'ambo yalipopachikwa kwenye chokaa yawe pambo.

Saa kumi na nusu, maji yamejaa, ni wakati wa Husuni Kubwa. Jumba hili la al-Hasan bin Sulaiman lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, limekaa ukingoni mwa jabali linalotazama bahari. Neville Chittick aliyelichimba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata humo maandishi yenye jina la sultani huyo. Upande mmoja ni makazi na baraza, upande wa pili ni ua mkubwa uliozungukwa na stoo. Mgeni aje na swali: mali ya kujenga hivi ilitoka wapi? Jibu ni dhahabu ya Sofala, iliyopitia mikono ya Kilwa kabla ya kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Sarafu moja ya shaba ya sultani huyu ilipatikana mbali sana bara, kwenye magofu ya Great Zimbabwe.

Na hapo hapo Husuni, jua likielekea kuzama, pana neno la kweli la kuongeza. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, jumba hili likiwa jipya, na aliuelezea mji kuwa wa nyumba za mbao. Hakukosea. Watu wengi waliishi kwenye miti na udongo chini ya makuti, na nyumba zao hazikuacha ukuta wa kupigwa picha. Mji ulikuwa nafasi zote zile tupu kati ya gofu na gofu ambazo wageni huzipita wakidhani ni pori. Wala dhahabu haikuwa mali pekee. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Wale walioanza siku Kivinje, kwenye bandari iliyorithi biashara hiyo, hupokea habari hii kwa uzito unaostahili.

Wanaporudi kwa mashua hupita mbele ya Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani karibu na 1800. Bahari ilikuwa ikiula ufuo wa hapa, na mwaka 2004 UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yalitolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa iliyohusisha pia kupandwa mikoko ufuoni. Kuta zilizokarabatiwa zinataka chokaa. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na huzuia unyevu kutoka, kwa hiyo jiwe huoza ndani huku uso ukionekana mzima. Kivinje wapo wenye nyumba wanaotumia saruji, na kila mwaka nyumba zinazoweza kumfundisha mgeni kuhusu dari zinapungua.

Mpango huu ni wa siku za bamvua na siku zinazozizunguka. Wakati wa maji mafu hali hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa mchana, ingawa si kwa nguvu, na hapo kuvuka mapema kuna maana. Hata siku hizo nisingeiacha Kivinje iwe ya mwisho. Mgeni alale huko au afike jioni ya kuamkia ziara, apite mtaa mmoja tu wa nyumba zilizoanguka nusu, apime chumba kimoja kwa hatua, ndipo asubuhi aende kumtafuta nahodha.